Nilivyowaandikia wasia wajukuu wasionirithi

Mwanangu mkubwa ametangulia, kaacha watoto watatu. Kwa kuwa mdogo wake wa kiume yuko hai, wajukuu hao wamezuiwa na sheria ya mirathi ya Kiislamu: katika mirathi yangu hawana fungu, ingawa nakaa nao nyumba moja hapa Wete. Njia iliyobaki ni wasia.

Kabla ya kuandika mali niliandika madeni. Wengi huanza na mali, na hapo ndipo hesabu huharibika, maana kwanza hutoka gharama za maziko, kisha madeni, ndipo theluthi, yaani sehemu moja ya tatu ambayo wasia hauizidi bila ridhaa ya warithi, ikatwe katika kilichobaki. Na deni si la dukani tu. Mahari ambayo mke hajalipwa ni deni, zaka iliyocheleweshwa ni deni, na kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, hata hija iliyomwajibikia mtu akafa hajaenda hutolewa katika mali yake.

Hesabu yangu ya mfano: mali milioni 30, maziko laki 6, madeni milioni 5 na laki 4. Hubaki milioni 24. Theluthi ni milioni 8. Lakini Mtume alimwambia sahaba wake Saad bin Abi Waqqas kuwa theluthi ni nyingi, nami nikashuka hadi robo, milioni 6. Za warithi milioni 18: mke thumni (sehemu moja ya nane), milioni 2 na robo; katika zilizobaki, mwana wa kiume fungu mara mbili ya kila mmoja wa dada zake wawili.

Kwenye karatasi sikutaja milioni. Niliandika "robo ya kitakachobaki baada ya madeni", kwa sababu theluthi hupimwa kwa mali ya siku ya kufa. Ukitaja kiasi, na mali ikapungua, kinachozidi theluthi husubiri ridhaa ya warithi. Ridhaa hiyo ni ya baada ya kifo. Waliyoitoa ukiwa hai haiwafungi, na mrithi mdogo haridhii, wala mlezi hawezi kuridhia kwa niaba yake.

Mikarafuu ilinichukua muda zaidi. Huku Pemba miti yaweza kuwa ya mtu na ardhi ya mwingine, kwa hiyo neno "shamba" peke yake huzaa ugomvi. Nimeandika idadi ya miti, mipaka ya pande nne, na wapi ardhi ni yangu na wapi ni miti tu.

Mke wangu nilitaka kumwongezea chumba, lakini naye ni mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti wenzake wasiporidhia. Nikampa hiba, yaani zawadi ya uhai wangu, nikamkabidhi mkononi nikiwa mzima. Hiba isiyokabidhiwa hurudi kwenye mirathi, na ya maradhi ya mauti huhesabiwa ndani ya theluthi.

Mashahidi ni wawili waadilifu, si warithi wala jamaa wa wajukuu kwa mama. Karatasi anayo wasii, yaani msimamizi niliyemteua kutekeleza wasia, haikuwekwa kwenye kasha ambalo ufunguo wake anao mrithi mmoja. Na kwa kuwa fungu la anayekufa kabla ya muusiaji hubatilika, nimeandika: "kwa wale watakaokuwa hai siku nitakayokufa, sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume."