Jinsi nilivyoifanya nembo yangu ionekane kwa mbali

Ngao niliyochora ilikuwa ya buluu, na juu yake jahazi jekundu. Mezani ilipendeza, ukiibandika ukutani na kurudi nyuma hatua chache, jahazi linazama ndani ya buluu, unaona doa tu. Nikaongeza kivuli, nikanenepesha mistari, wapi!

Dawa ilikuwa kwenye kanuni ya kale ya wachora nembo wa Ulaya, ya enzi za wapiganaji wa farasi na mikuki. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, huitwa metali. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ndizo rangi. Rangi haiwekwi juu ya rangi, wala metali juu ya metali. Tazama ngao ya Kenya: jogoo mweupe kwenye mkanda mwekundu, na mkanda wenyewe umetengwa na sehemu nyeusi ya juu na ya kijani ya chini kwa vistari vyeupe.

Basi jahazi nikalipaka njano. Chini niliutaka mkanda mwekundu kwa vyovyote vile, nikautilia vistari vyeupe kama Wakenya. Nimeipunguza hadi ukubwa wa muhuri, na hata foromali, ule mti unaofungiwa tanga, inaonekana.