Siku Moja Longji: Kupanda Mlima Ukifuata Maji

Tuliondoka mjini Guilin, kusini mwa China, saa moja kasorobo asubuhi, na kasorobo hiyo ilikuwa na maana yake. Mabasi makubwa ya watalii huanza kutoka mjini kuanzia saa mbili. Ukiyatangulia, unafika kwenye lango la tiketi foleni haijajaa, na ngazi za mawe unazimaliza kabla jua halijawa kali. Hadi majaruba ya Longji, mashamba ya mpunga yaliyochongwa kama ngazi mlimani, ni kama kilomita 90 kuelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu. Mwanzo ni tambarare. Mbele ni kona tupu. Anayesumbuliwa na kichefuchefu cha gari akae mbele, na kifungua kinywa kizito akisubirishe.

Kwa Waswahili walioko China, njia nyepesi inaanzia Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wa kufunga mizigo wanaujua kuliko mwingine wowote nchini humo. Treni ya mwendo kasi kutoka Guangzhou Nan hadi Guilin huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Panda ya Ijumaa jioni, Jumamosi iwe ya mlima, Jumapili urudi. Wengi hukwama stesheni. Tiketi imefungwa kwenye namba ya pasipoti, kwa hiyo nakala au picha ya simu haitoshi, na si mageti yote ya kujifungulia yanayosoma pasipoti. Usipoteze muda hapo, nenda geti la pembeni lenye mhudumu. Kisha soma jina la kituo lote: Guilin Xi si katikati ya mji, Guilin Bei iko karibu zaidi.

Longsheng, wilaya yenye majaruba haya, imekuwa na mamlaka ya ndani ya makabila mbalimbali tangu 1951: Wazhuang, Wayao (si wale wa kusini mwa Tanzania), Wamiao na Wadong. Huitwa makabila madogo kwa sababu China yenyewe inayahesabu hivyo makabila 55 yaliyo nje ya Wahan, kabila la walio wengi nchini humo, lakini Wazhuang peke yao walizidi milioni 19 katika sensa ya 2020. Udogo wao ni wa kulinganishwa na Wahan tu.

Lango ni moja, mlima ni mmoja, ila pande ni mbili. Ping'an ni kijiji cha Wazhuang, na wengi humo ni wa ukoo wa Liao. Dazhai ni cha Wayao Wekundu, ukoo wa Pan, na ndicho kilichotajwa na Shirika la Utalii Duniani mwaka 2022 miongoni mwa vijiji bora vya utalii. Waongozaji wengi wanauza vyote viwili kwa siku moja. Usinunue. Kwa miguu kutoka Ping'an hadi Dazhai, kupitia kijiji cha Zhongliu, ni saa nne hadi tano. Kwa gari unashuka hadi kwenye daraja njia inapogawanyika, kisha unapanda tena, na kila upande unabaki na saa moja na nusu ya kupiga picha. Sisi tulichagua Ping'an. Dazhai ni kubwa zaidi na ina magari ya kamba hadi kileleni, lakini inamfaa zaidi atakayelala hukohuko juu.

Kabla ya kumlipa mwongozaji, mwulize maswali haya na umtake ajibu kwa maandishi kwenye WeChat, programu ya Wachina ya ujumbe na malipo: tiketi ya lango imo ndani ya bei au nje (ilikuwa yuan 80 kwa mtu mzima)? Basi la kupandia mlimani je? Tutasimama kwenye maduka mangapi? Swali la mwisho ndilo muhimu. Safari ya bei chee hulipiwa na duka la chai, la fedha au la hariri, na kila duka linakula dakika 40 za mchana wako. Mwongozaji asiyetaka kujibu hilo amekwisha kujibu.

Langoni gari letu liliachwa. Barabara ya juu ni nyembamba, kona zake zimekunjana, na mabasi makubwa hayaruhusiwi. Unahamia basi dogo la hifadhi hadi maegesho ya Ping'an. Kuanzia hapo ni miguu tu. Kijijini hakuingii gari, na kila kitu, kuanzia saruji hadi soda, hupandishwa na watu kwa mzegazega au na farasi. Wanawake wenye matenga mgongoni watakuomba wabebe begi lako. Kubalianeni bei kabla begi halijaondoka mkononi mwako, na useme wazi kama ni bei ya begi moja au ya yote. Zipo pia machela za mianzi, watu wawili wakimbeba mmoja. Mzee mwenye magoti mabovu asione haya kuitumia, maana kupanda hadi kijijini ni dakika 20 hadi 30 za ngazi zisizopumzika.

Tahadhari ya viatu. Mawe ya ngazi yamelainishwa na nyayo za miaka mingi, na pembezoni yameota ukungu wa kijani. Mvua ikinyesha, yanateleza kama bamia. Soli iwe na meno. Kandambili na raba bapa ndizo zinazowaangusha watu, na huanguka wakati wa kushuka.

Tulikuwa wiki ya kwanza ya Juni, nusu ya majaruba yakiwa yamepandikizwa na nusu yakiwa maji matupu yanayong'aa. Kwa macho yetu huo ndio wakati bora: unaona kazi, huoni rangi tu. Kuanzia Julai mlima mzima ni kijani. Dhahabu inayopendwa na wapiga picha huja mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, na hapo upo mtego: tarehe 1 hadi 7 Oktoba China nzima iko likizo. Nenda wiki ya mwisho ya Septemba, au baada ya tarehe 8 kabla mundu haujamaliza.

Sasa maji. Watalii wengi hupanda wakitazama mandhari, na hilo si kosa, lakini anayefuata maji ndiye anayeuelewa mlima. Mpangilio wake, kutoka juu kwenda chini, ni msitu, kijiji, majaruba, mto. Msitu wa kileleni haukatwi ovyo, kwa sababu ndio tangi: mvua inazama kwenye udongo wake na kutoka polepole kama chemchemi, hata wiki ambazo hakunyeshi. Kijiji kiko chini ya chemchemi, ili maji ya kunywa yapite kwanza nyumbani. Yakitoka huko yamebeba samadi na uchafu wa mazizi, na hiyo tayari ni mbolea ya jaruba la kwanza.

Mifereji hufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja mlimani, ikiinama kidogo sana. Ikiinama mno, maji hula ukingo. Ikilala, tope hujaa. Penye korongo maji huvushwa kwa mianzi iliyopasuliwa katikati. Penye mgawanyo huwekwa jiwe lenye mikato, na upana wa mkato ndio haki ya mtu. Anayesogeza jiwe usiku ameiba maji, na shambani hakuna wizi unaokumbukwa kwa muda mrefu kama huo.

Miteremko mingi hapa ni ya nyuzi 26 hadi 35, mingine inafika 50. Ndiyo maana majaruba ni membamba. Wenyewe husema chura akiruka mara moja anavuka mashamba matatu, na hata jaruba kubwa kabisa halifiki theluthi mbili za robo eka. Kwenye vipande vya namna hiyo trekta ni ndoto, na nyati-maji hana pa kugeukia. Hutumika vijembe, vitrekta vya kusukuma kwa mkono, na jembe la mbao la watu wawili: mmoja anavuta mbele kwa kamba, mwenzake anasukuma na kulielekeza nyuma.

Kujenga jaruba la namna hii si kuchimba tu. Udongo wa juu hukwanguliwa na kuwekwa kando, mteremko hukatwa na kusawazishwa, ukuta huinuliwa kwa mawe au udongo ulioshindiliwa, ndipo udongo mzuri hurudishwa juu. Ukiruka hatua hiyo unapanda kwenye udongo uliokufa. Waluguru wanaijua habari hii vizuri: serikali ya kikoloni ilipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, udongo wa chini usio na rutuba uligeuzwa juu, mazao yakadumaa, na mwaka 1955 Uluguru ikawaka ghasia. Longji ilichimbwa tangu enzi ya Yuan, karne ya 13, hadi mwanzo wa enzi ya Qing, karne ya 17, kila familia ikiongeza kipande chake kwa kasi iliyoiweza. Mwaka 2018 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyaingiza majaruba haya, pamoja na mengine ya kusini mwa China, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani.

Baada ya kusawazishwa, sakafu huvurugwa na maji hadi tope laini lizibe vitundu. Tabaka hilo ndilo linaloshika maji, na adui yake ni ukavu. Jaruba likiachwa likauke kabisa, sakafu inapasuka, mvua kubwa ya kwanza inapenya kwenye nyufa, ukuta unalowa kwa ndani na kuporomoka, kisha unaangukia la chini yake, nalo linaangukia la tatu. Kwa hiyo mwenye shamba lililotelekezwa anahatarisha jirani wa chini, si yeye peke yake. Maadui wengine ni kaa, panya na mikunga wanaotoboa kingo. Kila masika wakulima hufyeka majani ya ukutani na kukandika ukingo upya kwa tope, kama mtu anavyokandika nyumba ya udongo. Ukiona ukingo unang'aa na umelainishwa, umetoka kukandikwa: usiukanyage. Pita kwenye njia ya mawe, hata kama picha nzuri iko upande wa pili.

Vijana wengi wako mijini, na mpunga wa huku juu huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Ukihesabu mchele peke yake, hesabu hailipi. Kinachouweka mpunga shambani sasa ni utalii: huko Dazhai wanakijiji hupewa gawio la mapato, na sehemu yake hutegemea shamba kulimwa. Kwa hiyo tiketi tuliyoinung'unikia pale chini ina kazi.

Ping'an kuna sehemu mbili za kutazamia. Ya pili, iitwayo Nyota Saba na Mwezi, ina vilele vidogo vilivyoachwa na majaruba ya mviringo juu yake, ambavyo vikijaa maji hung'aa kama jina lao. Ya kwanza, Majoka Tisa na Simba-milia Watano, iko ng'ambo, dakika 30 hadi 40 kwa njia ya ukingoni ambayo karibu ni tambarare. Tulianza na ya pili, tukafunikwa na ukungu mweupe usioacha hata jaruba moja. Dawa ya ukungu wa asubuhi ni kukaa. Baada ya dakika 40 ulipasuka. Wenye ratiba ya dakika 15 walishuka bila kuona kitu.

Chakula cha mchana ni mchele wa kunata uliopikwa ndani ya mwanzi. Mchele ulioloweshwa huchanganywa na viazi vikuu au uyoga, hutiwa kwenye kipande cha mwanzi mbichi chenye fundo upande mmoja, maji huongezwa, mdomo huzibwa kwa gunzi la hindi, kisha mwanzi huzungushwa juu ya moto hadi ngozi yake iwe nyeusi. Mwanzi mkavu ungeungua. Mbichi ndio unaotoa mvuke na harufu. Waislamu waangalie: mchanganyiko wa kawaida una vipande vya nguruwe wa moshi, na mboga nyingi hukaangwa kwa mafuta yake. Kusema "bu yao zhurou", sitaki nguruwe, hakutoshi; ongeza "bu yao zhuyou", sitaki mafuta yake. Hata hivyo sufuria ni ileile, kwa hiyo mwenye kujizuia kweli abebe chakula kutoka migahawa ya Wahui, Waislamu wa China, mjini Guilin.

Tulishuka saa tisa na nusu na kusimama Huangluo, kijiji cha Wayao kando ya mto, kinachojulikana kwa wanawake wenye nywele zinazozidi mita. Kwa mila, hukatwa mara moja tu, wakifikisha miaka 18, na zilizokatwa hazitupwi: husukwa pamoja na zinazoota na zile zilizodondoka kwenye kitana. Huoshwa kwa maji ya kuoshea mchele yaliyochachuka. Shungi lenye fundo kubwa mbele ni la mwenye mume na mtoto. Lililozungushwa bila fundo ni la aliyeolewa asiye na mtoto. Kitambaa kinachofunika zote ni cha asiyeolewa. Onyesho lina tiketi yake ya pekee, na kusema kweli ni jukwaa zaidi kuliko kijiji. Kama saa imebana, liache.

Nguo za kutarizi zinazouzwa hapo zigeuze uangalie nyuma. Mkono huacha mafundo na nyuzi zinazoruka bila mpangilio. Mashine huacha nyuma safi, sawa kila mahali. Bei ya kwanza ni mwaliko wa mazungumzo. Noti ndogo zinasaidia, ingawa bibi mwenye tenga naye ana karatasi ya msimbo wa kulipia kwa WeChat shingoni.

Guilin tulifika saa moja kasoro dakika kumi jioni. Mwenye kurudi Guangzhou usiku huohuo asikate treni ya kabla ya saa mbili na nusu, yaani 20:30 kwenye tiketi: lori moja likikwama kwenye kona za Longsheng, nusu saa imekwenda.