Siku moja na elektrodi za kaboni

Saa 2:00 asubuhi. Kabla hata ya kutua begi nafungua oveni ya vakyumu, ile inayokausha bila hewa. Elektrodi sita za kapasita, kifaa cha kutunza chaji ya umeme, zimelala humo tangu jana jioni kwa nyuzi 80: kaboni amilifu ya vifuu vya nazi, kaboni nyeusi ya kupitisha umeme na gundi ya plastiki iitwayo PVDF kwa uwiano wa 80:10:10, vimepakwa juu ya wavu wa nikeli.

Saa 2:20. Mizani. Siku yangu yote huamuliwa hapa. Gramu moja ya kaboni hii ina matundu madogo mno ambayo kuta zake kwa jumla huzidi mita za mraba 1,000, na matundu hayo hunyonya unyevu mara elektrodi inapotoka kwenye joto. Naiweka, namba inapanda nikiitazama. Kaboni yenyewe ni miligramu 2 tu. Nikikosea kwa 0.2, jibu la mchana, yaani chaji ambayo kila gramu inaweza kubeba, limekosewa kwa asilimia 10, na hakuna hesabu itakayoliponya. Kwa hiyo napima moja moja, haraka, kisha natoa uzito wa wavu mtupu niliouandika jana. Mbili zimekataa kutulia. Nimezirudisha ovenini.

Saa 4:00. Elektrodi ya kwanza inaingia kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi, alkali kali, ya moli 6 kwa lita. Napeleka volti kutoka -1 hadi 0, halafu narudi. Kwenye grafu ya mkondo dhidi ya volti, kapasita nzuri huchora mstatili. Hii imechora jani lililoinama. Kuna ukinzani mahali. Naangalia klipu: imelowa, maji ya alkali yamepanda kwenye wavu. Nafuta, nakausha, nainua klipu kidogo. Mstatili huo hapo! Miaka yote hii, bado moyo huruka nikiuona.

Saa 6:30 mchana. Natoa chaji kwa ampia 1 kwa kila gramu. Sekunde 144 kwa volti 0.96, yaani faradi 150 kwa gramu; faradi ni kipimo cha uwezo wa kutunza chaji. Wavu mtupu nao naupima kivyake, maana nikeli ndani ya alkali ina mchango wake, nami sitaki kuipa kaboni sifa isiyo yake.

Saa 9:00. Vipimo vya masafa, yaani wimbi la umeme hujirudia mara ngapi kwa sekunde, hadi hezi 0.01. Huko chini wimbi moja huchukua sekunde 100, basi nasubiri.

Saa 11:00 jioni. Naanzisha mizunguko 10,000 ya kujaza na kutoa chaji kwa ampia 5 kwa gramu. Kila mmoja ni kama sekunde 56. Itachukua siku sita na nusu. Nabandika karatasi kwenye mashine: USIZIME.