Taa Iliyovuta Maji

Wiki hii mwezi ni mpevu, kwa hiyo wavuvi wa dagaa wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wako nchi kavu. Dagaa hufuata taa, na ziwa zima likishaangazwa na mwezi hakuna taa inayowavuta. Nilizichagua siku hizi makusudi, niwakute wakishona nyavu, niwaulize kuhusu taa za sola nilizowaachia.

Mzee mmoja akanishika mkono hadi mtumbwini. Kando ya karabai zake tatu ilikuwapo taa yangu. Ndani ya kioo matone yamejipanga, na kwenye kona kutu ya kijani imeshaanza kula shaba.

"Mwanangu, haijaanguka wala kupasuka," akasema. "Maji yameingia yenyewe."

Niliumia. Taa ile tuliizamisha kwenye pipa la maji karakana, mita 1 kwa dakika 30, ikatoka kavu kabisa.

Usiku huu nimeifungua mezani, na nadhani nimeelewa. Mchana kutwa inachajiwa juani, inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kidogo kidogo. Jioni inawekwa juu ya chelezo, wimbi linaipiga, hewa inapoa na kusinyaa ghafla, basi taa inavuta. Inavuta maji kupitia mpira uleule wa kuziba ambao kwenye pipa letu haukupitisha hata tone, maana pipa na taa vilikuwa na joto moja. Taa ya moto kwenye maji baridi hatukuijaribu hata siku moja.

Jana ningekimbilia mpira mnene zaidi. Sasa nataka tundu dogo lenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, taa ipate kupumua. Nitauweka ubavuni, chini ya ukingo, mawimbi yasiupige moja kwa moja.

Na gundi naiondoa. Mzee alitaka kuifungua aikaushe, akakuta nimeiziba pande zote. Karabai zake anazifungua mwenyewe kwa koleo, anazisafisha, anabadili vipuri. Moja aliirithi kwa baba yake. Hilo limenikaa moyoni kuliko maji. Naipenda nguvu ya jua kwa sababu itampunguzia mafuta ya taa anayonunua kila anapoingia ziwani, lakini karabai inamtii, yangu haimtii.

Kesho naanza na skrubu nne, za bisibisi ya kawaida aliyonayo kila fundi wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Mzee amenikopesha ile karabai ya baba yake niitazame. Iko hapa mezani, chumba kizima kinanuka mafuta ya taa na dagaa.