Mbona Wetu Hamkumpa Maji?

Mwaka 2010 nilikuwa muuguzi wodi ya watoto Muheza, mkoani Tanga. Masika yakichachamaa, kitanda kimoja kililaza watoto wawili hadi watatu, wengi wana malaria kali, viganja vyeupe, pumzi za juu juu. Hospitali yetu ilikuwa mojawapo ya sita za Kenya, Uganda na Tanzania zilizokuwa kwenye utafiti wa FEAST, uliouliza swali moja. Mtoto mwenye homa kali, mikono imepoa kwa sababu damu haizunguki vizuri, aongezewe maji mengi ya haraka mshipani, au apate yale ya polepole tu? Miongozo ilisema aongezewe. Lakini katika nchi tajiri ilikoanzia desturi hiyo, mtoto akilemewa na maji kuna mashine ya kumpumulia. Sisi tulikuwa na oksijeni, damu ikipatikana, na macho yetu.

Usiku mmoja akaingia bibi kutoka vijiji vya milimani, upande wa Amani, mjukuu mgongoni, degedege limemwachia njiani. Daktari alimweleza utafiti kwa maneno machache. Muda wa karatasi haukuwepo. Kamati za maadili ziliruhusu hivyo, fomu isomwe mtoto akishatulia. Bibi akaitikia. Nikafungua bahasha iliyofuata kwa namba, ile ya bahati nasibu iliyoamua mtoto apate nini: hakuna maji ya haraka.

Niliishiwa nguvu. Wodi nzima tuliamini mwenye dripu kubwa ndiye mwenye bahati. Tuliyaona kwa macho: saa moja haijaisha, mikono inapata joto.

Bibi naye aliona. Kitanda cha pili chupa ilikuwa inashuka mbio.

“Sista, mbona wetu hamkumpa maji? Yule baba yake ana pesa?”

“Hapana, bibi. Bahasha ndiyo inayochagua, si mimi wala daktari. Lipi bora hatujui. Tungejua, tusingewapigia kura watoto.”

“Na damu mliyomtoa?”

Nilijua anakoelekea. Hadithi za mumiani amezisikia tangu utotoni, na mimi pia. Nikamshika mkono hadi kwenye kidirisha cha maabara, akamwona kijana anapaka tone la damu juu ya kioo. Akatazama muda mrefu, akarudi kukaa.

Kesho yake mtoto alikuwa anaomba uji. Nikamsomea bibi fomu yote, pamoja na pale paliposema ana haki ya kukataa.

“Nikikataa?”

“Ataendelea kutibiwa vilevile, bibi.”

“Mwanangu, mmeshamtibu. Sasa nitakuwa nakataa nini?”

Akacheka, akaweka dole gumba. Jibu la kumtosheleza sijalipata hadi leo, ingawa bado naamini kumchelewesha mtoto anayekata roho ili nisome kurasa za fomu kungekuwa ukatili.

Januari 2011 tukaambiwa tusimamishe. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilikuwa imeona vya kutosha: watoto 3,141 walikuwa wameingizwa kati ya 3,600 waliokusudiwa. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka, yawe ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), walifariki asilimia 10.5 hadi 10.6. Wasiopewa, asilimia 7.3. Daktari mmoja wa zamu alisema waliojumlisha wamekosea. Mwingine akatoka nje bila neno. Mimi nilizifikiria zile bahasha nilizozionea huruma.

Ubishi ulidumu miaka, hasa kwa mabingwa wa nje. Sikuuelewa. Mwongozo uliotumika kwa watoto wetu haukuwa umewahi kupimwa kwa utafiti mkubwa kwa watoto kama wetu, na ulipopimwa, walitaka kwanza kuhoji kipimo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza kasi: mililita 10 hadi 20 kwa kilo, ndani ya dakika 30 hadi 60, kwa mtoto ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika kabisa, yaani yuko kwenye “shock”.

Tuliokuwa wodini kazi yetu ilikuwa nyingine. Wanafunzi wa uuguzi walishasikia kwamba maji yanaua, wakawa wanataka kufunga kila dripu. Ikabidi tuwaambie kila zamu: mtoto wa kuhara aliyekauka hakuwamo kwenye utafiti ule. Huyo mpe maji yake, na upesi.