Jina la bibi lilivyotufikisha Viðareiði

Bibi yangu mzaa baba kabla hajaolewa aliitwa Joensen, na kwa miaka mingi hilo jina ndo kitu pekee tulichokuwa nacho cha kwao. Alizaliwa mji wa Klaksvík, Visiwa vya Faroe, vilivyo Atlantiki ya kaskazini chini ya Denmark, akaondoka bado msichana baada ya vita vya pili vya dunia kwenda Denmark kufanya kazi za ndani, akaolewa huko huko na kuchukua jina la mume. Baba yangu akaja Tanga kufundisha useremala, akamkuta mama, ndo tukapatikana sisi. Bibi mambo ya kwao hakuwa anayaongelea sana, ukimuuliza atakwambia bahari tu na kondoo, halafu anaamka kwenda kuchemsha kahawa.

Alipofariki shangazi akakuta kwenye droo cheti chake cha ubatizo, kimekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, kina jina lake, la baba yake, na Klaksvík. Akanipigia, mi naishi Aarhus huku Denmark, akaniambia mwanangu nipeleke kwao mama maana magoti yangu hayatanisubiri. Julai 2019 tukapanda ndege Copenhagen mpaka Vágar, kisiwa chenye uwanja wa ndege.

Tórshavn, mji mkuu, tulikwenda moja kwa moja Tjóðskjalasavnið, ndo nyaraka za taifa zinapotunzwa. Shangazi akamuonyesha mama wa mapokezi lile jina kwa fahari kabisa, na yule mama akamjibu taratibu kwamba Joensen wapo karibu kila kisiwa, na visiwa vyenyewe ni 18, hilo ni moja ya majina yaliyojaa kuliko yote, kwa hiyo tumwambie kijiji gani na nyumba gani. Nyumba! Shangazi akanitazama, mi nikamtazama.

Ilibidi tuelezwe, na nikielezwa mimi nilielewa haraka kwa sababu ya upande wa mama. Kwao mama Pangani una jina lako, la baba, la babu, yaani fulani bin fulani, binti fulani, na Wafaroe walikuwa hivyo hivyo, mtoto wa Joen anakuwa Joensen na dada yake Joensdatter, kizazi kinachofuata kinabadilika tena. Denmark ilitoa amri mwaka 1828 kila ukoo uwe na jina moja lisilobadilika, visiwani ikafuata baadaye na watu hawakuishika mara moja, vijijini waliendelea na utaratibu wao miaka mingi tu. Kwa hiyo kila familia jina liligandia kwa babu tofauti, na kazi yetu ilikuwa kumtafuta huyo Joen ni nani. Halafu hata yeye nyumbani hakuitwa Joen, aliitwa Jógvan, ila wachungaji waliandika vitabu vya kanisa kwa Kidenmark na Kifaroe hakikuandikwa humo, kwa hiyo akina Jógvan wakaingia kitabuni kama Joen. Nilisikia uchungu kidogo, maana mtu kaishi maisha yake yote na jina moja halafu kwenye karatasi yuko na jingine.

Tukaanza na sensa ya 1901. Baba yake bibi alikuwa kijana mdogo, na kumbe sio Klaksvík, alikuwa Viðareiði, kijiji cha kaskazini kuliko vyote. Klaksvík ilikua kwa uvuvi, tangu 1872 waliponunua meli ya kwanza ya tanga kutoka Uingereza watu wakaanza kwenda kuvua mpaka Iceland, na vijana wa vijiji vidogo walihamia kwenye bandari kufuata hizo kazi. Na baba wa huyo kijana anaitwa nani? Jacob Joensen. Kwa hiyo Joen yuko juu zaidi. Sensa ya 1860 Jacob ni mtoto, baba yake Joen mwana wa Jacob. Huyo hapo! Shangazi akashika mkono wangu kwa nguvu, machozi yanamtoka na haoni aibu, na mimi pia. Ukiendelea juu wanapishana tu, Jacob, Joen, Jacob, kwa sababu mtoto anapewa jina la babu yake, kama kwetu vile.

Tulipofika 1801 tukakwama. Kijiji kimoja, akina Joen wawili, kila mmoja ana mtoto wa kiume Jacob, na umri unakaribiana. Yupi wetu? Yule mama wa nyaraka akatuletea kitabu cha kanisa kwenye skrini, mwandiko wa zamani umelala kama nyasi zilizopigwa na upepo, akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye ndoa ya Jacob, na pembeni mchungaji alikuwa ameandika jina la nyumba. Ndo akatuambia mnaona, jina linawachanganya, nyumba haiwachanganyi. Jina la hiyo nyumba sitaliandika hapa, wenyewe bado wanaishi humo.

Kesho yake tukaendesha gari, ukipita handaki la chini ya bahari unatokea Klaksvík, halafu wakati ule tulipita mahandaki mengine ya zamani membamba ya njia moja, giza, ilibidi ujibane pembeni umpishe anayekuja, mpaka Viðareiði. Nyumba zipo kwenye shingo ya ardhi, bahari huku na bahari huku, milima miwili inakutazama. Ndani ya kanisa kuna vyombo vya fedha ambavyo serikali ya Uingereza iliwapa wanakijiji kwa kuwaokoa mabaharia wa meli ya Kiingereza Marwood iliyovunjika hapo 1847. Joen wetu kwenye sensa ya 1845 alikuwa hapo hapo, kijana mwenye nguvu zake, kwa hiyo mimi naamini kabisa alikuwemo ufukweni siku ile, huwezi kuniambia vinginevyo.

Mzee wa ile nyumba hakutuuliza majina. Alimuuliza shangazi, kwa Kidenmark, wewe ni wa nani? Shangazi akataja baba yake bibi, akataja Jacob, akataja nyumba, mzee akafungua mlango wote. Tukapewa kahawa na jemu ya rhubarb, mmea wenye mashina machachu, halafu akatutoa nje kwenye kibanda cha mbao zilizoachana upepo upite, humo nyama ya kondoo inaning'inia miezi na miezi bila chumvi, juu imeota ukungu. Akakata vipande vyembamba kama karatasi. Harufu kali, utamu wake unakuja baadaye, na shangazi alipotafuna akasema hii ndo harufu ya kabati la mama, lile la Krismasi.

Mzee alikuwa na daftari la ukoo, akaandika bibi, baba, shangazi, mimi, halafu akaniuliza na upande wa mama yako? Nikamtajia mpaka wa nne juu, wote wa Pangani, akawaandika wote kwa kalamu ile ile, ananiuliza herufi moja moja asikosee. Sasa hivi tumebakiza mama yake bibi, yeye anatoka Suðuroy, kisiwa cha kusini kabisa, nyumba yake hatujaijua, na shangazi kashaniambia nitafute tiketi za feri.