Kila mtu anamuuliza mama

Tangu mwanangu agunduliwe kuwa na usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo, watu wananiuliza swali lilelile: ulifanya nini ulipokuwa na mimba yake? Ulikula nini, ulimeza dawa gani, ulikasirishwa na nani. Baba yake hajaulizwa hata siku moja.

Lawama hii ni ya siku nyingi. Daktari wa akili za watoto, Leo Kanner, alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alisema hali hiyo walizaliwa nayo, lakini papo hapo akagusia ubaridi wa wazazi wao. Wengi wakaishika hiyo ya pili. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo ya kihisia kule Chicago, aliwaaminisha watu kwamba mama asiyempenda mwanawe ndiye anayemsababishia usonji, na dawa ikawa kumtenga mtoto na wazazi wake. Kila nikilifikiria hilo moyo unaniuma. Mwanamke amelea, amekesha, halafu anaambiwa mwanawe ataponea mbali naye! Aliyeipinga nadharia hiyo kwa nguvu, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji.

Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachunguza nchini Uingereza jozi 21 za mapacha ambao angalau mmoja wao alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Ni watoto wachache, ila tangu hapo watafiti walijua pa kutazama: kwenye jeni, yaani vinasaba ambavyo mtoto hurithi kwa wazazi. Utafiti wa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya milioni 2 katika nchi tano, ulikadiria kwamba mchango wa jeni ni kama asilimia 80.

Si jeni moja. Ni nyingi mno, na nyingi kati ya hizo zina athari ndogo ndogo zinazojumlishwa, kutoka kwa baba na kwa mama. Mabadiliko mengine ya jeni ni mapya kabisa, mzazi hana. Na hayo mapya mengi hutokea kwenye mbegu za baba, yakizidi kadiri umri wake unavyosogea. Siandiki haya ili lawama ihamie kwa mume wangu. Hakuna aliyechagua.

Mambo ya mimba yapo pia, na ni haki yasemwe. Rubela, ugonjwa wa virusi, kwa mjamzito. Mtoto kuzaliwa njiti. Valproeti, dawa ya kifafa, huongeza uwezekano wa usonji. Ila dada mwenye kifafa usiiache ghafla, degedege lenyewe linaweza kukuua. Zungumza na daktari mapema, kabla hujashika mimba.

Chanjo siyo. Makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza aliyehusisha chanjo ya surua na usonji, ilihusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakachapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mwanangu alichanjwa, na mdogo wake, tukijaliwa, atachanjwa.

Huyo mdogo ndiye anayenifanya nisome mpaka usiku. Anayemfuata mtoto mwenye usonji ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya watano wa kuwa nao pia. Mimi na mume wangu tumelizungumza hili bila kuinuliana sauti. Tumekubaliana huyu mtoto tuliye naye apimwe jeni kwanza. Watoto wengi hupimwa na chanzo kisionekane, tumeshaelezwa. Lakini kikionekana, daktari ataweza kutuambia kama kinarithiwa au kilitokea kwake peke yake, na jibu hilo litabadilisha hesabu ya mtoto wa pili. Safari hii damu itachukuliwa na ya baba.